Gari ya Baba na Donge la Unga

Mwanangu, kila nikiona unga wa chapati unakandwa, naikumbuka siku moja miaka ya tisini, hapa hapa Al Khoudh, kesho yake tunampeleka dada yangu Zuwena kwa mumewe, Qurayyat, ng'ambo ya milima. Bibi harusi nimpeleke mie, kwa gari ya marehemu baba: ya Kimarekani, milango miwili, pua ndefu. Mashine yake ilikuwa imekufa, nami nikafunga nyengine, kubwa maradufu. We! Ikiunguruma, majirani wanatoka nje.

Lakini ilikaa kwa kubanwa. Bomba la moshi lilikaribiana mno na chuma cha usukani, hata kidole hakipiti. Dawa yake naijua: kulikata bati linalotenga mashine na miguu ya dereva, mashine irudi nyuma. Bati la baba nilitie msumeno? Aka! Na kila jamaa aliyekuja kuitazama alisema mashaallah, akanywa kahawa, akenda zake. Nani atamkosoa mtu kwa gari ya marehemu baba yake? Si unatujua.

Mama akatoka jikoni na mikono yake ya unga, akainama akachungulia.

"Hii mashine ikivuta, inatulia au inacheza?"

"Inacheza kidogo, mama."

"Mie hata mkate naachia nafasi ya kuumuka. Hii umeiachia wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka, alinyofoa donge la unga, akanipa. "Haya, bandika hapo katikati, kisha ivutishe."

Nikabandika, nikakanyaga breki na mafuta pamoja. Mashine ikajiinua upande wangu. Kuzima na kutazama, donge limekatika vipande viwili, bomba limegonga chuma. Milima ile ya Qurayyat, Zuwena yumo ndani, na usukani umekwama! Ati chombo cha kuzama hakina usukani; changu kilikuwa nao, ila mie ndiye niliyetaka kuufunga.

"Baba yako," mama akasema, "kanzu ikimbana akiipasua kwapa mwenyewe. Hakutuachia bati, katuachia Zuwena na wewe. Kata!"

Nikakata. Kazi haikuwahi kuisha, kesho yake Zuwena akapelekwa kwa gari ya ami yangu, nami nimo, akinitania njia nzima. Tulipofika salama nikalia, alhamdulillahi, mpaka kamasi. Watu wakadhani nnamlilia dada.

Basi nawe, gari ile sasa ni yako, na mashine nyengine unaitaka, nnakujua. Cha kurithi kiheshimu, lakini usikitunze kwa roho za watu. Anayekupenda hakwambii mashaallah tu. Muulize tena, na akikukosoa msikilize. Tahadhari kabla ya hatari. Msumeno uko kabatini, na unga jikoni haukosekani.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe riziki yenye nafasi, na kila safari akurudishe mzima, wewe na uliowapakia. Amin.