Barua Kutoka Nambwilo

Hadi Septemba ya mwaka 1974, kijiji cha Nambwilo kilikuwa na nyumba sitini na moja, kisima kimoja, kigango cha Kikatoliki kilichoezekwa kwa nyasi, na kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri. Kijana huyo, Zenon, ndiye aliyekimaliza.

Hakukichoma moto. Kuchoma walichoma wengine, wenye kazi hiyo. Zenon alijaza fomu.

Amri ilikuwa imekuja kwamba watu wote waliotawanyika kwenye vilima vya Ufipa wahamie vijiji vya ujamaa kando ya barabara, wapate shule, zahanati na maji ya bomba. Nambwilo ilipangiwa kuhamia Tupendane, mwendo wa saa nne kwa miguu, mahali ambapo shule, zahanati na bomba vilikuwa vimekwisha kupatikana katika hotuba. Kiongozi wa operesheni hiyo alifika na lori na karatasi. Lori lilikuwa na dereva. Karatasi hazikuwa na mwandishi. Akauliza nani amemaliza darasa la saba, na watu wote wakamtazama Zenon.

Katika vijiji vya jirani waandishi walikuwa wavivu, Mungu awabariki. Palipoulizwa "Wakazi waliobaki" waliandika "wachache," au waliacha wazi wakaenda zao kunywa pombe ya ulezi. Vijiji hivyo vilihamishwa vilevile, nyumba zake ziliungua vilevile, lakini kwa neema ya uvivu huo viliendelea kuishi kwenye majalada. Zenon aliandika, "Hakuna." Palipoulizwa "Hali ya kijiji" aliandika, "Kimefutwa," akapiga mstari chini yake kwa rula. Kisha akaweka jina lake na sahihi.

Ni lazima ieleweke kwamba Zenon aliheshimu karatasi kwa sababu ya ng'ombe wawili. Alipokuwa na miaka tisa, mama yake Epifania, ambaye alikuwa mjane, aliibiwa ng'ombe wote aliokuwa nao. Polisi mmoja alikuja kwa baiskeli, akaiacha kwenye kigango, akafuata kwato kwa miguu hadi chini kwenye bonde la Rukwa. Siku ya sita alirudi na ng'ombe wawili na viatu vilivyofunguka mdomo. Alikataa pombe, akakubali maji. Akatoa daftari, akamsomea mama kila alichokiandika, akamwomba aweke dole gumba. Wengine wa Nambwilo walikumbuka ng'ombe. Zenon alikumbuka daftari. Tangu siku hiyo alijua atakuwa polisi, na alijua kwamba kitu kikiandikwa sawasawa, haki hukifuata kama ndama amfuatavyo mamaye.

Basi Aprili ya 1975, redio ya duka la ushirika la Tupendane iliposema kwamba polisi watachukua vijana Sumbawanga, Zenon alisimama pale dukani mpaka tangazo liliporudiwa, akalinakili. Umri usizidi miaka ishirini na mitano. Yeye alikuwa na ishirini na minne. Darasa la saba, analo. Asiwe ameoa, hajaoa. Urefu futi tano na inchi sita. Alizidi kwa inchi moja. Awe na barua ya kijiji inayothibitisha asili yake na tabia njema. Hilo la mwisho alilipita haraka, kama mtu apitavyo mlango wa nyumbani.

Siku ya usaili walikuwa vijana tisini na wanne kwa nafasi kumi na mbili. Sajini Ambakisye, mtu wa Tukuyu mwenye sauti ya kengele ya kanisa, aliwakimbiza kutoka uwanjani hadi Kizwite na kurudi. Zenon alirudi wa kwanza. Kijana aitwaye Beda, wa kijiji cha barabarani kisichohamishwa, alitapika njiani, Katandala, akarudi wa kumi na tatu.

"We kijana," sajini alimwambia Zenon, "miguu hiyo umeipata wapi?"

"Nambwilo, afande."

"Ndiyo wapi?"

"Ilikuwa kule." Zenon alinyoosha mkono juu ya mabati ya mji.

"Ilikuwa?" Sajini akacheka. "Haya, nenda kapimwe, mtu wa Ilikuwa."

Akapimwa urefu, akapimwa kifua, akafunuliwa midomo kama punda mnadani. Meno yote yalikuwepo. Kwenye imla hakukosa hata nukta. Ikabaki meza moja, meza ya karatasi, na nyuma yake karani Isakwisa wa ofisi ya wilaya, kijana nadhifu kutoka Mbeya ambaye alikuwa amepanga kalamu zake tatu kwa urefu.

"Umezaliwa wapi, ndugu?"

"Nambwilo."

Isakwisa alishusha kidole kwenye orodha ya vijiji, akakipandisha. "Hakuna."

"Tulihamia Tupendane."

"Lini?"

"Septemba."

"Miezi minane. Barua itoke kijiji ambacho mwombaji amekaa si chini ya miaka mitatu."

"Ndugu karani, Tupendane yenyewe haijafikisha mwaka. Nani ana miaka mitatu Tupendane?"

"Hayo ni mambo ya Tupendane."

Zenon akatoa cheti cha ubatizo. Kilikuwa na jina la kigango, tarehe, na sahihi ya padri.

"Serikali haina dini," alisema Isakwisa, akakirudisha kwa heshima.

"Lakini Nambwilo ilikuwapo. Nimekulia pale."

"Nani anasema?" Isakwisa hakuwa mtu mbaya, aliinuka mwenyewe, akaenda kabatini, akarudi na jalada, akapuliza vumbi. "Haya. Nambwilo. Wakazi waliobaki, hakuna. Hali ya kijiji, kimefutwa. Tena kwa rula." Akashuka mpaka kwenye sahihi, akanyanyua macho taratibu. "Huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi, ndugu yangu, unabishana na nani?"

Alipewa mpaka Ijumaa, yaani siku tatu. Usiku huohuo alitembea hadi Tupendane kumwamsha mzee Adolfu, aliyekuwa balozi wao kule Nambwilo na mtunza mhuri wa kijiji. Ubalozi ulikuwa umemwisha: ni vigumu kuwa balozi wa nyumba kumi ambazo ni majivu. Lakini mzee alivaa koti lake la Pasaka, na Ijumaa asubuhi wakawa mbele ya meza.

Adolfu alisalimia kama Mfipa aliyelelewa. Alichuchumaa, akapiga makofi ya taratibu, mikono imekunjwa kama kikombe, kwa ajili ya kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Isakwisa aliona aibu, akasema shikamoo, akamwomba ainuke.

"Mzee, wewe ulikuwa balozi. Mhuri uko wapi?"

"Mlichukua, mwanangu. Pamoja na bendera." Mzee akavua kofia, na ndani ya kofia mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mkanipa hii."

Isakwisa akasoma, "Umepokelewa mhuri mmoja wa kijiji cha Nambwilo." Chini yake palikuwa na mhuri wa ofisi ileile alimokuwa ameketi.

Zenon aliinama juu ya meza. "Umeona, ndugu! Mmeandika wenyewe."

"Hii inathibitisha kwamba mhuri ulikuwapo," alisema Isakwisa. "Haithibitishi kijiji."

Mzee Adolfu alitazama ile karatasi, kisha karani, kisha Zenon, kama anayekagua nani kati yao ni mgonjwa. "Mwanangu, mimi huyu nilikuwa nje ya nyumba siku anazaliwa. Nilimsikia akilia. Kama hakuzaliwa, huyu aliyesimama hapa ni nani?"

"Mzee wangu, sijasema hakuzaliwa. Nasema hakuzaliwa mahali."

Sajini Ambakisye, aliyekuwa akisubiri majina mlangoni, hakuvumilia. "Isakwisa, bwana! Kijana anakimbia kama swala, imla hajakosa. Mimi natafuta askari, sitafuti kijiji."

"Afande, mimi siandiki miguu. Naandika asili. Nikiandika kijiji kisichokuwapo, kesho nitaulizwa mimi, si wewe."

Na hilo, kwa bahati mbaya, lilikuwa kweli. Katika nchi ambayo kila mtu aliambiwa ni ndugu wa mwenzake, kila ndugu aliogopa kuulizwa kesho. Sajini akatazama saa. Lori la kwenda chuo cha polisi Moshi lilikuwa limekwisha washwa. Akaita jina la kumi na tatu, na Beda akapanda, bado hajaamini, akimwangalia Zenon kwa jicho la mtu aliyekalia kiti chenye joto la mwenzake.

Njiani kurudi, walipokwisha kuvuka mto, Adolfu alimgeukia.

"Ungeandika wachache, mwanangu."

"Haikuwa kweli, baba. Hakuna aliyebaki."

"Mimi nilibaki. Lori la mwisho liliniacha. Nilikuwa nyuma ya nyumba natafuta kuku."

Zenon alisimama katikati ya njia. Fomu pekee aliyowahi kuijaza kwa niaba ya serikali ilikuwa ya uongo, na hakuna ofisi duniani ambayo ingekubali kuisahihisha kwa ushahidi wa kuku.

Tupendane watu walipendana, lakini kwa njaa. Mashamba ya barabarani yalikuwa ya mchanga na yaligawiwa kwa kamba, kila familia kipande sawa, ili asiwepo wa kupata kidogo kuliko mwenzake wala cha kutosha. Kule Nambwilo yalibaki matuta ya mviringo ambayo wazee walizika majani ndani yake mwaka baada ya mwaka, udongo mweusi kama masizi ya chungu, ukiota magugu. Mvua za Novemba ziliponyesha, Zenon alibeba jembe, akajenga kibanda juu ya msingi wa nyumba ya mama yake, akapanda ulezi. Mama alimuuliza kama haogopi. Alijibu kwamba mtu hawezi kukamatwa mahali ambapo hapapo.

Januari baiskeli ilikuja. Aliyeisukuma alikuwa amevaa kaptura ya kaki iliyonyooshwa, na jasho la mtu ambaye bado hana pumzi.

"Zenon? Unafanya nini hapa?"

"Napalilia, Beda."

"Hapa hapakaliwi, bwana."

"Ndiyo maana napalilia peke yangu."

Beda aliegemeza baiskeli, akakosa pa kuweka macho. "Nimetumwa kukamata waliorudi vijiji vya zamani. Sikujua ni wewe. Ningejua ningesema tairi limepasuka."

"Usiseme uongo ukiwa na sare. Toa daftari."

Beda akalitoa. Zenon aliweka jembe chini akasogea, kwa sababu daftari lilikuwa lilelile, jalada jeusi, kingo nyekundu, kama lile lililorudisha ng'ombe.

"Jina ninalo," Beda alinong'ona huku akiandika. "Kosa ninalo. Mahali pa kukamatiwa... niandike porini?"

"Ulezi huu unauona pori? Andika ukweli, afande Beda. Unasimama wapi?"

Beda alitazama huku na huku: kisima, msalaba wa kigango ulioungua nusu. "Nambwilo," alisema.

"Andika. Na mkazi wa wapi?"

"Mkazi wa kijiji cha Nambwilo," aliandika Beda, "mzaliwa wa hapo, amekamatwa kijijini humo."

"Nisomee."

Beda akamsomea. Zenon akanyoosha mikono yote miwili kama mtu anayepokea mtoto. Pingu hazikuwapo, zilikuwa zimeazimwa na kituo kingine, kwa hiyo wakaongozana tu, na kwenye kijito mtuhumiwa alimbebea polisi baiskeli.

Hakimu alimpa onyo kali, akamwamuru arudi Tupendane. Zenon aliomba nakala ya hukumu. Aliipata na mhuri, na ndani yake Nambwilo ilitajwa mara tano. Hakimu alimwambia mzee wa baraza kwamba hajapata kuona mshtakiwa anayeshukuru namna ile, na kwamba huenda ingefaa kijana apelekwe hospitali.

Mei ya 1976 ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Mwaka uliofuata angekuwa amepitwa na umri. Alikimbia tena Kizwite na kurudi, wa tatu safari hii, maana magoti yalikuwa yameonja jembe. Meno yote. Imla yote. Akafika kwenye meza ya Isakwisa, akaweka hukumu mbele ya zile kalamu tatu.

Isakwisa aliisoma mara mbili. Alisoma mhuri. Alikuwa mtu wa haki kwa kipimo chake, na karatasi ya mahakama ilikuwa kubwa kuliko jalada lake. Akachukua orodha ya vijiji, akatafuta nafasi chini ya kijiji cha mwisho, akaandika kwa wino, "Nambwilo." Zenon aliona herufi zikikauka.

"Asili, tumemaliza," alisema Isakwisa, akageuza ukurasa. "Swali linalofuata. Je, mwombaji amewahi kutiwa hatiani mahakamani?"

Kalamu ilisimama hewani. Isakwisa alitazama karatasi aliyotoka kuikubali. Sajini Ambakisye aligeukia dirishani akatukana kwa Kinyakyusa.

"Ningeweza nisilione hilo swali," Isakwisa alisema kwa sauti ndogo. "Lakini basi nisingeiona na karatasi yenyewe. Na bila karatasi..."

"Bila karatasi sina kijiji."

"Ndiyo hivyo, ndugu yangu."

Zenon alifikiri kuhusu yule polisi wa viatu vilivyofunguka, aliyesoma kila alichoandika. "Andika ndiyo," alisema. "Nimetiwa hatiani kwa kulima kwetu. Na hayo uyaandike."

"Nafasi haitoshi," alisema Isakwisa. Aliandika "Ndiyo" tu.

Zenon aliichukua hukumu yake, akaikunja mara nne. Mlangoni aligeuka. "Na kijiji? Kitabaki kwenye orodha?"

"Kilichoandikwa kwa wino hakifutwi bila operesheni."

Mwezi wa Agosti, barua ya serikali iliwasili Tupendane kwa kuzunguka sana, imeandikiwa Uongozi wa Kijiji, Nambwilo. Ilikemea vikali kwamba kijiji hicho, kilichomo kwenye orodha, hakijawahi kuleta taarifa yoyote, wala ya mazao, wala ya wakazi, na ikataka maelezo haraka kwenye fomu iliyoambatanishwa. Mzee Adolfu aliipeleka kwa Zenon, aliyekuwa amevuka umri wa kuwa polisi wiki mbili zilizopita.

"Wanatutukana," mzee alisema, na machozi yalimlenga kwa furaha. "Wanatutukana kwa jina! Tuwajibu nini?"

Zenon alitafuta kalamu. Rula aliiacha ilipokuwa. Penye mazao aliandika ulezi. Penye idadi ya wakazi alifikiri kidogo, akaandika, "Wachache," kisha akaweka sahihi.

Kesho yake alichukua jembe akarudi kwenye matuta ya Nambwilo, na ile barua ya matusi aliifunga ndani ya kofia ya mzee Adolfu, aliyoiazima, ili Beda akija na daftari aone jina la kijiji kwa mkono wa serikali, apate pa kuanzia.