Wino wa Kijani

Siku ya kwanza kazini niliharibu damu ya watu wanne kabla ya chai ya saa nne. Nilikuwa binti wa Kinubi kutoka Kibuli, Kampala, cheti kipya mkononi na viatu vya kuazima miguuni, na nilidhani kazi ya maabara ni kuvaa koti jeupe. Nilivuta damu kwa pupa, nikazitikisa chupa, nikampelekea Mtaalamu Mkuu wa Maabara. Yeye alikuwa Mganda mfupi, mpole wa sauti, mkali wa macho. Zilipotoka mashineni, aliinua moja dirishani. Damu ikishazungushwa kwenye mashine, chembe nyekundu hulala chini, na juu hubaki maji ya manjano hafifu, ambayo ndiyo tunayopima. Yangu yalikuwa mekundu.

"Binti, hii damu umeipiga?"

"Hapana, sebo," nikasema, yaani bwana.

"Umeipiga. Chembe imepasuka. Sasa mashine itasema ini ya huyu mtu iko mgonjwa, kumbe mgonjwa ni mkono yako. Rudi, omba musamaha, toa ingine."

Nilirudi wodini kuwaomba radhi wote wanne. Mmoja alinitukana kwa Kiluganda kizuri sana.

Ninyi vijana mnaobonyeza kitufe na kusubiri karatasi, hebu niwaeleze tulichokuwa tunatafuta. Ndani ya chembe za ini mna vimeng'enya, vitu vinavyosukuma kazi za mwili. Viwili tulivipima kila siku, ALT na AST. Ini likiumia, chembe zake huvuja na vimeng'enya hivyo huingia kwenye damu. ALT ni mwenyeji wa ini hasa. AST anatangatanga: yumo pia kwenye misuli, moyo na hata chembe nyekundu, ndiyo maana damu yangu iliyopasuka ingemsingizia mtu ugonjwa. Mpagazi aliyebeba magunia tangu alfajiri anaweza kuja na AST ya juu na ini lake likawa zima kabisa. Kwa hiyo tulimuuliza mtu kazi yake kabla ya kumfunga kamba mkononi.

Maabara yetu ilikuwa na desturi yake. Jibu lililovuka mpaka liliandikwa kwa wino mwekundu, na lililo ndani ya mpaka kwa wino wa kijani. Daktari mwenye wagonjwa mia alitupia jicho rangi tu. Watu wa mtaani nao walijifunza, wakawa wanapokea karatasi dirishani na kupiga vigelegele wakiona kijani, hata kama hawajui kusoma.

Mtaalamu Mkuu hakuipenda desturi ile, ila aliikuta. Kila nilipochukua kalamu ya kijani kwa mgonjwa wa ini wa siku nyingi, alinishika mkono, akiniita nyabo, yaani bibi.

"Nyabo, lete kalatasi ya zamani. Namba moja haiwezi kuongea peke yake."

"Lakini imeshuka, sebo. Ni nzuri."

"Moshi ukiisha, uliza kama moto umezimwa ama nyumba imeisha kuungua."

Maana yake ni hii. Ini lililougua miaka mingi hujaa makovu. Chembe zikishakufa, hakuna tena cha kuvuja, na vimeng'enya hushuka hadi mahali pa watu wazima wa afya. Anayetazama karatasi moja ataona uponyaji. Anayepanga karatasi zote mezani ataona kwamba zamani ALT alimzidi AST, na sasa AST ndiye aliye mbele. Kisha ataomba hesabu ya chembe za kugandisha damu, zinazopimwa meza nyingine, akute zimepungua. Hapo hakuna wa kupiga vigelegele. Nililijua hilo. Niliwafundisha wengine. Nataka mlikumbuke mnaposoma yanayofuata.

Miaka ikaenda. Nikahamishiwa wilayani, chini ya Ofisa wa Maabara aliyefungia dawa za kupimia kwenye kabati na kulala na ufunguo shingoni. Umeme ulikatika zaidi kuliko ulivyowaka. Nikarudi Kampala, nikakuta Mtaalamu Mkuu amestaafu, na sikumwona tena. Miaka yangu ya mwisho niliimalizia kwenye maabara ndogo ya binafsi huko Kawempe, chini ya Meneja ambaye hakuwa mtu wa maabara. Alikuwa na neno moja: "Hajati, kijani ni kijani. Watu wanangoja." Nilikuwa nimechoka, magoti yananiuma, na sikubishana naye.

Mdogo wangu Ramadhani alikuwa dereva wa lori la mizigo kwenda mpaka wa Kongo. Alikuwa na homa ya ini aina ya B, ambayo ninaamini alizaliwa nayo, na mimi ndiye niliyempima tangu mwanzo. Karatasi zake zote nyekundu nilizitunza nyumbani kwenye kopo la biskuti. Dawa alimeza akikumbuka.

Alasiri moja akaja Kawempe, akaketi, akakunja shati. Nikapima. Vyote viwili vilikuwa ndani ya mpaka.

Nilifurahi mpaka nikalia. Kopo la biskuti lilikuwa nyumbani, mwendo wa boda boda tu, nami sikulifuata. Sikutazama nani amemtangulia mwenzake. Sikuomba hesabu ya chembe za kugandisha. Nilichukua kalamu ya kijani nikaandika kwa mkono wangu, "Kawaida," nikatia sahihi.

"Dada, nimepona?" akaniuliza.

"Umepona. Hata tumbo limeanza kutoka, umenenepa."

Tumbo lile lilikuwa maji. Miaka yote ile kazini, na nilimsifu mtu kwa maji ya tumboni.

Nyumbani Kibuli tukachinja mbuzi, tukafanya karama, karamu yetu Wanubi ya kumshukuru Mungu. Baba mkubwa aliiweka karatasi ya kijani kwenye fremu ya kioo, juu ya runinga. Ramadhani akaacha dawa kabisa. Kwani aliyepona anameza nini?

Alikuwa na mahali pake pa kula, Bwaise, kwa mama mmoja wa Kikongo aliyeitwa Mama Furaha, mpika posho, yaani ugali, maharage na samaki. Miezi mitatu baada ya karama alikula pale mchana, akasimama kunawa, akatapika damu. Mama Furaha alimfunga kitenge chake kifuani akakimbia naye kwenye boda boda, watatu juu ya pikipiki moja. Hakufika jioni akiwa hai.

Daktari wa zamu alinivuta pembeni kwa kuwa alinijua. "Mishipa ya koo imepasuka, Hajati. Ini lilikuwa limeisha zamani. Hakuna aliyeliona?"

Niliomba karatasi ya kuchukulia maiti, nikatia sahihi.

Msibani, Baba mkubwa alishusha fremu kutoka ukutani akaiinua mbele ya watu. "Mtoto wetu alikuwa muzima! Hajati mwenyewe aliandika. Mutu muzima anakula kwa mugeni, anakufa na damu mudomoni. Hii si sumu?"

Watu wakanitazama. Nilikuwa nimekaa mkekani na tasbihi mkononi. Neno moja tu lingetosha. Nilisema moyoni kwamba nitalisema tukishazika, na tulipozika nikasema kesho. Kesho yake vijana walikwenda Bwaise, wakamwaga masufuria ya Mama Furaha kwenye mtaro na kuvunja benchi lake. Akahama na watoto. Nami nilikuwa nyumbani kwangu, nikipokea rambirambi.

Nilisema siku ya arobaini. Nilikuja na kopo la biskuti, nikazipanga karatasi mkekani moja baada ya moja, nyekundu zote, na mwisho ile ya kijani ndani ya fremu yake, nikaonyesha kosa langu kwa kidole. Nikasema hakuna aliyemlisha sumu, mimi ndiye niliyemwambia amepona. Mjane wa Ramadhani aliinuka akaingia ndani. Baba mkubwa alikohoa.

"Hajati, huzuni inakusumbua. Haya ni mambo ya Mungu. Pakueni chakula."

Ile fremu ilirudishwa juu ya runinga, na bado iko pale.

Mwezi uliofuata nilistaafu. Meneja alinipa saa ya ukutani na keki. Mnaniuliza kama naikumbuka kazi. Naukumbuka mkono wa Mtaalamu Mkuu ukinishika kifundo cha mkono, basi. Mashine zenu za leo ni nzuri, zinapima zenyewe na kuchapa rangi zenyewe, na sijui ni nani huko ndani wa kuwashika mkono. Kabla hujampa mtu kijani, omba karatasi ya zamani. Akiwa ni ndugu yako, mpe mwenzako amsomee, kwa maana jicho linalompenda mtu halisomi vizuri.

Ilinichukua miezi kumpata Mama Furaha. Nilimkuta Kawempe, nyuma ya karakana ya pikipiki, amepanga masufuria mawili na benchi fupi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

"Mi nilijua si mimi," alisema. "Lakini batu ba Bwaise, nani atabaambia?"

"Nitawaambia mimi."

"Umechelewa, Mama. Kaa, utakula?"

Nilikwenda Bwaise, nikasema duka kwa duka. Wengine walinisikiliza, wengine waliniona mzee aliyechanganyikiwa. Tangu hapo kila Ijumaa, nikitoka kuswali, napanda boda boda hadi Kawempe na kukaa kwenye benchi lile na kula, mahali ambapo wapita njia wananiona. Wateja wamerudi kidogo kidogo, mafundi wa pikipiki hasa.

Mama Furaha hupakua posho, maharage na kipande cha samaki. Kisha, kabla hajampa mteja yeyote sahani, humega kidogo kutoka kila upande, akala mbele yake, akameza, ndipo akamkabidhi. Hata mimi ananifanyia hivyo. Kila Ijumaa namwambia, mwanangu, kwangu usionje. Ananiitikia ndiyo, Mama, na anaonja.