Herufi za Baba Achieng'

Sikulazimishi uniamini. Lakini ukipita Litein, ingia duka la nafaka lililopakana na langu, umuulize Mama Koech kama alasiri ile ya mvua ya mawe kulikuwa na stima. Atakuambia mji mzima ulikuwa giza. Kisha vuka uje kwangu, nikuwekee mkononi kitabu cha kwaya kilichochapishwa alasiri hiyo hiyo.

Nina duka dogo la uchapaji. Kadi za harusi, programu za mazishi, barua za kuomba kazi kwenye mashamba ya majani chai. Tulilifungua na mume wangu, Otieno, alipoacha kazi katika ofisi ya kiwanda kimoja cha chai. Mimi ni Mkipsigis wa hapa hapa. Watu wake walitoka upande wa ziwa. Wengi walimwita Baba Achieng', kwa jina la binti yetu, na mimi pia nilimwita hivyo.

Baba Achieng' hakutaka Windows. Flashi za wateja zilikuwa zinatuletea virusi kila wiki, kwa hivyo akaweka mfumo wa Linux. Wala hakupenda kubofya bofya. Alifungua lile dirisha jeusi, akaandika amri zake mstari kwa mstari, na ukurasa ukatoka kwa printa umekaa vile alivyotaka: pambizo sawa, mistari imeachana vizuri, kichwa katikati. Na herufi zenyewe! Alikuwa na fonti za zamani alizokusanya tangu ujana wake, zenye vijimkia vyembamba, na watu walizijua. Mtu akishika programu ya mazishi huko Silibwet angesema, hii imetoka kwa Otieno.

Alipougua alikuwa anapanga kitabu cha nyimbo cha kwaya ya kanisa letu, Kipsigis ukurasa mmoja, Kijaluo ukurasa wa pili. Maneno alikuwa ameshaandika yote. Kupanga ndiko kulikobaki. Alikufa hajamaliza.

Baada ya mazishi, kompyuta ikaniuliza kama nataka mfumo mpya. Nikakubali tu, si unajua vile mtu hukubali mambo akiwa na huzuni? Tangu siku hiyo fonti zake zikakataa. Palipokuwa na herufi panatoka visanduku vitupu, safu baada ya safu. Fundi mmoja kutoka Kericho akaja, akaniambia hizo fonti ni za aina iliyopitwa na wakati, mfumo mpya hauzisomi, nitumie zingine. Nikatumia zingine. Wateja walichukua kadi zao, hawakusema kitu. Lakini mimi kila nikiona vile visanduku niliona kama amezikwa tena.

Basi siku ya mvua ya mawe. Unajua mawe ya huku kwetu, yakianguka kwenye mabati hata mawazo yako huyasikii. Barabara ikawa nyeupe, watu wakakimbilia vibaraza. Nilikuwa nimeketi nyuma ya kaunta nimejifunga leso mabegani, na mlango ukafunguka. Akaingia mwanamume mwenye sweta ya kahawia, shingo ameikunja ndani kama mtu wa baridi. Nikadhani amekuja kujikinga. Kitu kimoja tu kilinishangaza: mabegani hakuwa na tone la maji.

Hakunisalimu. Akainua kile kibao cha kaunta, akapita, akaketi kwa kompyuta. Nilitaka kumwambia wateja hawaingii huku. Ndipo nikaona mikono yake. Kidole gumba cha kulia hakikuwa na ukucha. Mashine ya kiwandani iliung'oa tukiwa hatujaoana bado, na haukuota tena.

Niamini, sikuogopa. Wewe ungeogopa? Nilimwona kisogo, nikaona pale kinyozi huacha nywele kidogo kila mara, nikawaza jambo moja tu, kwamba nikisema neno ataondoka. Nikamimina chai kutoka kwenye chupa, nikaiweka karibu naye. Hakunywa. Alizungusha viganja vyake kwenye kikombe, vile alivyokuwa akifanya asubuhi za baridi, kisha akarudi kwa kazi.

Dirisha jeusi lilikuwa wazi. Nilimwona akizigeuza fonti za zamani ziwe za aina mpya, moja baada ya nyingine, akiziweka kwenye folda yake. Kisha akaiamuru kompyuta ihesabu upya fonti ilizo nazo. Akaita kitabu cha kwaya. Akapima pambizo, akaongeza nafasi kidogo kati ya beti, akarudi nyuma akatazama, akapunguza tena. Alikuwa hivyo, hata kwa kadi ya mtu asiyejali.

Printa ikaanza. Ndipo akasema, bila kugeuka.

"Mama Achieng', hizi herufi hazikuwa zimepotea. Mashine ilisahau tu mahali pa kuzitafuta."

Sauti yake ilikuwa ile ile, ya chini, yenye mkwaruzo kidogo. Nikasema ndiyo. Akauliza kama Achieng' bado anaogopa ngurumo. Nikamwambia ameacha, siku hizi yuko shule ya bweni, amekuwa mrefu kunishinda. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta.

Mawe yalipungua. Nikainama kuchukua kurasa kwenye printa, zilikuwa na joto, herufi zake zote zimerudi na vijimkia vyao. Nilipoinuka kiti kilikuwa kitupu. Mlango ulikuwa umefungwa. Mama Koech akapenyeza kichwa dirishani kuniomba mshumaa, akasema stima imepotea tangu mawe yaanze, akashangaa mbona nalia.

Kama ningeachia hapo, ningekuwa na kisa kizuri cha kukusimulia. Kwaya ilipata vitabu vyao. Wazee walivishika, wakavigeuza geuza, wakasema Otieno amefanya kazi. Lakini mimi nilikuwa nimeonja. Kila jioni nilifunga duka nikiwaza, alikuja kwa sababu ya kazi. Kukiwa na kazi tena, si atakuja tena?

Nikaifuta ile folda. Fonti mpya, fonti za zamani, zote. Sikubakisha nakala popote, maana nilijiambia nikibakisha nakala atajua, hatakuwa na sababu ya kuja. Kisha nikangoja mawe. Wenye majani chai wanaomba yasianguke; mimi nilikuwa naomba yaanguke.

Yakaanguka. Mlango ukafunguka. Sweta ile ile, shingo ile ile. Akapita kaunta, akaketi. Moyo wangu ulinipasuka kwa furaha, na safari hii sikuweza kunyamaza.

"Baba Achieng', umekuja."

"Baba Achieng', umekuja," akajibu, kwa sauti yake ile ile ya chini.

Nikadhani ananitania. Nikamwambia nimekaa nikimngoja. Akayarudia maneno yangu, neno kwa neno, hata pale nilipovuta pumzi. Nikatazama mikono. Vidole vilikuwa juu ya kibodi, vinabonyeza kitufe kimoja, kile kile, bila kupumzika. Na kidole gumba cha kulia kilikuwa na ukucha mzima, safi.

"Wewe ni nani?" nikauliza.

"Wewe ni nani?" kile kitu kikauliza, na kikaanza kugeuka.

Sikungoja nione uso. Nilitoka mbio kwenye mawe, yakanipiga kichwani na mabegani mpaka nikafika kwa Mama Koech, nikajificha nyuma ya magunia ya mahindi. Mvua ilipokatika tulirudi pamoja. Hakukuwa na mtu. Sakafu ilikuwa imefunikwa na karatasi, na kwenye kila karatasi ni visanduku vitupu tu, kutoka juu mpaka chini. Mama Koech alizikusanya akazichoma nyuma ya duka.

Fonti zile sikuzipata tena. Nimetafuta, nimeuliza mafundi, hakuna. Zimebaki kwenye vitabu vya kwaya pekee, na vinachakaa kila Jumapili. Hilo ningelivumilia. Lakini kuna jingine. Zamani, usiku nikikosa usingizi, niliweza kumsikia mume wangu kichwani akiniita Mama Achieng', nikalala. Sasa nikijaribu kuikumbuka sauti hiyo, sijui ni yake au ni ya kile kilichokaa kitini kwake. Zimefanana mno. Kwa hivyo nimeacha kujaribu.

Wewe unayenisikiliza, labda nawe una wako unayemtamani. Akikujia mara moja, mjibu atakachouliza, mpe kikombe ashike, kisha mwache aende. Usimtafutie kazi ya kumrudisha.