Mifuniko ya Mama Mkwe

Mtaani walimwita Mama Chupa, na hakuona ubaya. Chupa za jemu za kuokota, sukari ya chai, sufuria ya presha na unga wa muhogo: huo ndio ulikuwa mtambo wake wa kuzalisha miche ya migomba. Maabara hushikilia vipande vya mmea kwa jeli ya bei mbaya. Yeye alipika uji mzito wa muhogo, akatia sukari na mbolea kidogo, akauchemsha kwenye presha hadi vijidudu vyote vife. Wenye kucheka walicheka wakachoka.

Sasa lakini mzaha ulikuwa umekwisha. Ugonjwa wa mnyauko ulifagia shamba zima la migomba la ukweni, likabaki chipukizi moja tu lisilo na ugonjwa. Mumewe alimkabidhi chipukizi hilo shingo upande.

"Uji wako ukiliozesha, mambo ya chupa yaishie hapo," alisema.

Mama Chupa akalimenya hadi kwenye kiini, akakigawa vipande vinne, kila kimoja na chupa yake, akafunga kwa nguvu zote vijidudu visipenye.

Chupa ya kwanza ilipoota ukungu, alipiga moyo konde. Ya pili, akailaumu presha. Ya tatu ilimtoa machozi, maana sasa hata yeye aliutazama ule unga kwa jicho baya.

Kesho yake alimkuta mama mkwe dirishani, amekumbatia chupa ya nne, vidole viko kwenye mfuniko.

"Mama, ngoja kwanza."

"Naipa hewa," mama mkwe akasema kwa upole. "Umevibana mno hivi vitoto, mwanangu. Zile nyingine nilikuwa nazifungulia kidogo kila siku. Hii ilijificha nyuma ya pazia." Akaitazama ile chupa. "Au ndiyo nimeviua mimi?"

Mume alikuwa amesimama mlangoni. Mama Chupa alitamani kupiga kelele nyumba nzima isikie, lakini uso wa mama mkwe ulimmaliza nguvu.

"Hapana, mama. Ni unga tu."

"Si nilikuambia?" mume akadakia.

Mama Chupa akalimeza na hilo. Mama mkwe akashusha pumzi, roho ikamtulia, vidole vikarudi kwenye mfuniko.

"Basi hii niachie mimi. Wewe kapumzike."

Mama Chupa akamshika mkono.

"Usifungue, mama. Ukifungua kinakufa. Vile vitatu vilikufa hivyo."

Mkono wa mzee ukalegea. Akaiweka chupa mezani taratibu, akajifuta vidole kwenye nguo, akaendelea kujifuta.