Ayuma na Tundu la Nne

Ugonjwa wenyewe ulikwisha. Ayuma alimeza dawa za kifua kikuu hadi za mwisho, akapimwa, akaambiwa amepona. Lakini mapafu yalibaki na makovu, na mwanamke aliyekuwa akiongoza sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa lao pale mtaa wa Lucky Summer sasa alisimama katikati ya ngazi za ploti, jengo la vyumba vya kupanga walimoishi, mkono ukutani, akingoja kifua kitulie ndipo amalizie kupanda. Kazi ya kiwanda cha nyuzi kule Baba Dogo aliiacha. Akawa anauza sukuma wiki na nyanya langoni, maana kazi ya kuketi ndiyo pekee aliyoiweza.

Nthoki, muuguzi wa kliniki, ndiye aliyemwanzishia habari ya harmonika, kile kinanda kidogo cha mdomo chenye safu ya matundu.

"Mapafu yako ni kama mguu uliotoka kwenye plasta," alimwambia. "Lazima yafanyishwe kazi. Tafuta kitu cha kukufanya uvute pumzi na upulize, uvute na upulize. Hata harmonika ya watoto itafaa."

Mumewe, Shiundu, alikuwa mbeba mizigo katika soko la Muthurwa. Jioni moja akarudi na harmonika ya mtumba aliyoichomoa kwenye rundo la vichezeo, ya chuma, kifuniko kimebonyea upande. Ayuma aliipangusa kwa spiriti, akaijaribu. Siku hiyo alipata mlio mmoja, kisha kikohozi kirefu. Hakuiacha. Kila asubuhi Shiundu na binti yao Nerima wakishatoka, aliketi ukingoni mwa kitanda akapuliza na kuvuta, akapuliza na kuvuta, mpaka majirani wakazoea. Miezi ilivyopita alianza kuunganisha noti, na ngazi akawa anazipanda kwa kutua mara moja tu.

Ndipo tundu la nne likaanza vituko. Akilipuliza lilikuwa sawa. Akivuta pumzi, mle ndani mlikwaruza kama nzi aliyenaswa ndani ya kopo. Aliitikisa harmonika, akaigonga kiganjani, akapuliza kwa nguvu zote. Wapi! Na ubaya ni kwamba kila wimbo alioujua ulipita hapo. Kila alipokaribia tundu hilo alijikunyata kabla ya kulifikia, na pumzi ikamkatikia njiani.

"Si uliruke tu?" Shiundu alimwuliza akivua viatu. "Mengine si yapo?"

"Nikiruka hili leo, kesho nitaruka lingine."

"Basi nitakutafutia nyingine, Mama Nerima."

"Hapana, Baba Nerima. Ni hii hii. Haijafa, inaumwa tu."

Shiundu akamtazama, akaona ule uso aliokuwa nao wakati wa kumeza vidonge vilivyomchafua tumbo, akasukuma viatu chini ya kitanda.

Kesho yake Ayuma alimwomba jirani amtazamie mboga, akaenda kwa Kadar, fundi wa simu mwenye kibanda karibu na steji ya matatu. Kadar aliipokea harmonika, akaigeuza, akavuta pumzi kwenye tundu alilomwonyesha, akasikia mkwaruzo.

"Mathe, hii mimi sijawahi kufungua," alisema. "Nikiiharibu utanilaumu."

"Basi nipe bisibisi niiharibu mwenyewe."

Kadar akacheka, akamsogezea kiti, taa na ile lenzi yake ya kuvaa jichoni.

Skrubu zilikuwa ndogo kama punje za mtama. Kifuniko kilipotoka, Ayuma aliona bamba la shaba lenye mianya myembamba, na juu ya kila mwanya ulimi mwembamba wa shaba uliobanwa upande mmoja, upande wa pili uko huru kutetema. Kando ya ulimi wa nne palikuwa na kinyuzi cha kitambaa. Kumbe ni hiki! Akakiondoa kwa ncha ya sindano, akarudisha kifuniko haraka haraka, akavuta pumzi.

Mkwaruzo ule ule.

"Umejaribu, mathe," Kadar alisema kwa upole.

Ayuma alikuwa tayari anafungua skrubu tena. Safari hii alitoa na bamba lenyewe, akaliinua mbele ya taa. Kila ulimi ulikuwa na uzi wa mwanga pande zote mbili. Ule wa nne ulikuwa na mwanga upande mmoja tu. Upande wa pili ulilalia ukingo wa mwanya. Basi ndiyo hiyo. Kiwandani pia, mashine ikikwaruza, walijua kuna chuma kinachogusa mahali kisipopaswa kugusa.

Akausukuma kwa ncha ya wembe. Ukasogea kupita kiasi, ukalalia ukingo wa pili, ukainama na kuzama ndani ya mwanya. Aliporudisha kila kitu na kuvuta, tundu la nne halikutoa hata mkwaruzo. Lilikuwa bubu.

Kadar alijifanya anashughulika na simu ya mteja. Kikohozi kikampanda Ayuma, akakohoa mpaka akaegemea meza. Kilipopita, akafuta mdomo.

"Kesho utanikopesha taa tena?"

"Njoo tu, mathe."

Usiku huo aliwaza mkono wake. Alikuwa amebana pumzi ili usitetemeke, na pumzi hiyo hakuwa nayo. Ilipomwisha ndipo wembe ulipoteleza. Kwa hiyo kesho yake aliketi kibandani akafanya kama anavyofanya mazoezi. Alivuta, akatoa pumzi polepole, na pale ilipokuwa inatoka akausukuma ulimi kidogo sana, si kwenye ncha bali shinani, karibu na pale ulipobanwa. Akapumzika. Akatazama kwenye taa. Akarudia. Wateja waliingia wakatoka, Kadar akawaambia wasiiguse meza. Mwishowe uzi mwembamba wa mwanga ukatokea upande wa pili. Akaiinua ncha ya ulimi kwa wembe, kiasi cha unene wa karatasi, akafunga skrubu zote, akaipeleka harmonika mdomoni.

Sauti ikatoka safi.

Kadar akapiga makofi. Ayuma akavuta tena, na tena, akapita hapo akaenda la tano, akarudi, pumzi haikukatika. Alicheka akiwa bado na lenzi jichoni.

Alhamisi akaenda kwenye mazoezi ya kwaya, mara ya kwanza tangu augue. Hakujipeleka safu ya mbele. Alikaa benchi la pembeni, na walipoanza wimbo akawafuata kwa harmonika, kwanza kwa woga, halafu kwa sauti ya kusikika. Wanawake wa sauti ya kwanza waligeuka wakamwona, mmoja akawa anaimba huku analia.

Wimbo ulipokwisha, mwalimu wa kwaya, Obonyo, alimsogelea. Alikuwa mtu wa sikio kali asiyejua kumung'unya maneno.

"Karibu tena, dada. Tumekukosa." Akainamisha kichwa. "Ila kuna noti moja hapo katikati iko juu kidogo, haikai sawa na sauti zetu."

"Nimeisikia, mwalimu," Ayuma alisema. "Ni ya tundu la nne. Jumamosi ninaifungua tena."

Akaweka harmonika mdomoni, akamwashiria Obonyo aanzishe wimbo wa pili.