Mabango Matatu ya Marehemu

Nakumbuka siku moja mtu aliyekuwa kaburini kwa miezi minane alipochora bango la sinema. Alichora uso wa mwanamume mwenye bastola mbili, akaweka alama yake pembeni, na bango likauzwa Kakuma kama kazi ya zamani. Mwanangu, mkono uliolichora ni huu unaokuandikia.

Nirudi nyuma kidogo. Nilipokuwa kijana, Kakuma ilikuwa na vibanda vya video, na kila kibanda kilitundika nje bango la filamu ya siku. Hatukuwa na mabango ya kuchapishwa. Tulifumua magunia ya pamba yaliyoleta unga wa msaada, tukayapaka rangi ya nyumba. Mchoraji alikuwa Lokai, Mtoposa aliyekimbia vita Sudan Kusini. Mimi, Mturkana wa Lodwar, niliandika maneno. Yeye nyuso, mimi herufi. Pembeni mwa kila bango alichora chapa ya ng'ombe wa ukoo wao, nusu mwezi na nukta mbili. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini sisi wafugaji twajua kwamba chapa ni jina.

Lokai alikufa kwa homa, akamwacha mjane na Rebeka, mtoto wa mgongoni. Baadaye akaja bwana mmoja kutoka Nairobi, mkusanyaji wa mabango ya sinema ya zamani, maana wapo wanaoyatafuta kama wengine watafutavyo stempu. Mjane alimuuzia manne, yote aliyokuwa nayo. Yule bwana aliyashika kama mtu apokeaye mtoto mchanga, kisha akaniuliza, "Hakuna mengine kweli?"

Nikasema yapo.

Hakuna aliyenituma. Nilichora matatu, nikayatia kwenye turungi, ile chai isiyo na maziwa, nikayafukiza kwa moshi wa kuni za mathenge, nikayaanika mchana upepo uyapige mchanga. Kuyazeesha hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kuuondoa mkono wangu. Lokai alizoea kuchora jicho la kushoto kubwa kuliko la kulia, nami nililirudia jicho lile wiki mbili, hadi nikasahau jinsi mimi mwenyewe nichoravyo jicho. Yule bwana aliyanunua akidhani yametoka kwa mjane, nami nilijivuna sana.

Majivuno hayo niliyapeleka hadi Lokichar, kwa mjomba wangu aliyekuwa akiuza mbuzi. Alinisikiliza akitafuna tumbaku.

"Ile chapa pia umeweka?"

"Nimeweka, mjomba. Huwezi jua gani yake, gani yangu."

"Na wewe unacheka." Akatema pembeni. "Mwizi ya ng'ombe watu wanafuata nyayo yake. Wewe nani atakufuata? Mwenye chapa amekufa. Enda useme kwa mama ya huyo mtoto. Leo."

"Nitaenda, mjomba."

"Utaenda kama vile mvua inakuja Lokichar."

Sikwenda. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema kwamba wakati mwingine guu linalovunjika ni la mtu mwingine.

Huko Nairobi mkusanyaji alilowesha pamba, akasugua kona ya bango moja, na pamba ikatoka na chai. Hakujisumbua kupima mengine. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Aliyarudisha yote saba kwa basi, yamefungwa pamoja, na barua kwa mjane akimwita tapeli, akisema amewaonya wakusanyaji wenzake wasinunue chochote chenye chapa ile. Mjane hakujua kusoma. Mimi ndiye niliyemsomea barua, na nikasoma salamu peke yake. Nikamwambia bwana amebadili nia. Mama yule alikufa bila kujua kwa nini hakuna mtu aliyebisha tena mlangoni pake.

Rebeka sasa ni mwalimu kambini. Mvua zilizopita, laga, ule mto mkavu wa msimu, ilifurika ikachukua kaburi la baba yake, ikajaza maji sanduku la bati lenye mabango. Mwezi uliopita alikuja nayo hapa kwangu Nawoitorong. Nyumba moja ya maonyesho inataka kutundika kazi za Lokai, jina lake ukutani, iwapo aliyemfahamu atathibitisha kila bango kwa maandishi. Aliyemfahamu nimebaki mimi.

"Baba mdogo, sina hata picha yake," alisema. "Kaburi limeenda na maji. Nisaidie hii tu."

Nikamweleza yote. Alikunja na kukunjua ncha ya leso.

"Sawa," alisema. "Basi toa yako, nibaki na ya baba."

Nikapiga magoti sakafuni. Maji yameiosha chai, na matope yameyatia yote doa moja. Herufi ni zangu katika yote saba. Kila jicho la kushoto ni kubwa. Nilidhani mtu hawezi kuusahau uongo wake mwenyewe.

"Baba mdogo?"

"Sijui, mwanangu."

"Usinifanyie hivyo."

"Sijui."

Basi sikia, wewe unisomaye. Ukijua kuiga, iga, kila fundi huanza hivyo. Lakini chini yake weka jina lako, hata kama hakuna alijuaye. Usiguse chapa ya mtu asiyeweza kusimama akubishie. Hasara ya kitu bandia si ya mnunuzi. Yeye ana pamba yake na ataondoka. Hasara ni ya kile cha kweli kilicholazwa kando yake. Na ukikosea, tubu mapema, ungali ukikumbuka ulichokifanya, maana ipo siku utataka kusema kweli na kweli yenyewe huna.

Akuj, Mungu wetu, akupe jina lako na akuache nalo. Akupe wa kukukemea, na miguu ya kwenda siku ile ile.

Fomu ya Rebeka ina mistari saba, mmoja kwa kila bango. Inatakiwa Nairobi Ijumaa. Leo ni Jumatano, nami nimejaza jina langu tu.