Vizimba Viwili vya Mama Pasi

Jina la Mama Pasi alilipata kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, ambako kwa miaka kumi na tisa alinyoosha mashuka na mashati ya watu mpaka kiganja chake kikawa kigumu kama soli. Mumewe alipofariki na watoto kuanza maisha yao, alibaki na vyumba viwili na vinyonga wawili. Wa kwanza alimkuta ameng'ang'ania pazia lililoletwa kufuliwa. Wa pili alimwokoa kwenye ufagio wa mtunza bustani.

Wote madume. Kila mmoja alikuwa na kizimba chake cha wavu, na ubao katikati wasionane, maana wakionana tu huvimba kwa ghadhabu. Asubuhi aliwanyunyizia majani kwa chupa kama ile ya kulowanishia mashati, akasimama kuwatazama wakiramba matone. Maji ya bakuli hawayatambui. Jioni aliwatafutia panzi.

Wifi yake, dada wa marehemu, hakuyaelewa hayo. Kwake yeye upweke ni ugonjwa. Alishamletea Mama Pasi wachumba watatu, mmoja wao bado ana mke.

"Wewe umejifungia kama kuku anayeatamia, sasa na wadudu wa Mungu umewatenga!"

"Si wadudu, wifi. Na ndivyo wanavyopenda."

"Wamekwambia wao?"

Kisha nyumba ya wifi ikawa inapakwa rangi, akaja kukaa kwa wiki moja. Siku ya tatu Mama Pasi alirudi kutoka kazini akakuta ubao umeegemezwa ukutani na kizimba kimoja kitupu. Ndani ya kingine mlikuwa na bakuli la maji na vinyonga wote wawili. Mmoja yuko juu ya tawi, mweusi tii. Mwenzake yuko chini, mkia umeraruka, jicho la kushoto linatoka damu.

"Walikuwa wakicheza," wifi alisema. "Nilidhani watazoeana."

Mama Pasi alikuwa mtu wa kumeza maneno. Siku hiyo akiba yote ikamtoka.

"Huku ndiko kucheza? Nilikwambia mara ngapi? Kama hukuniamini, si ungeuliza, mdomo sina? Miaka sita unaniona mgonjwa kwa sababu nalala peke yangu. Siumwi, wifi! Nimechoka kutibiwa!"

"Kwa hiyo mnyama amekuwa bora kuliko ndugu?"

"Ndugu hafungui cha mtu bila kuuliza."

Wifi alibeba mkoba wake akaondoka. Kufikia kesho yake ukoo mzima ulikuwa na habari: Mama Pasi kamfukuza wifi yake kwa ajili ya kinyonga. Shemeji mkubwa akapiga simu, akamtaka aombe radhi.

"Aanze yeye, shemeji," alisema, akakata.

Daktari wa mifugo alicheka kwanza, ndipo akasafisha kidonda. Jicho halikupona. Kinyonga mwenye jicho moja hukosa shabaha, kwa hiyo tangu hapo Mama Pasi humshikia panzi kwa kibanio, upande wa kulia, mpaka ulimi utoke.

Baada ya miezi miwili wifi alibisha hodi. Neno samahani halikutoka, ila alimnyooshea mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mafundo mawili.

"Nimewaletea panzi."

Mama Pasi alifungua. Wote walikuwa wamekufa kwa kukosa hewa.

"Hata tundu moja, wifi?" aliuliza. "Hata moja?"